Ziara Tano za Mezani

Mimi si mwoga. Nimekaa masjala ya ofisi ya ustawi wa jamii miaka ishirini na sita, nimetunza majalada ya watu waliokufa kwenye karatasi wakaja wenyewe dirishani kudai kwamba wako hai, na wala usingizi haujawahi kunipaa. Ila kuna nyumba moja ambayo nikiikumbuka mikono inaniwia baridi. Na si kwamba niliiona gizani. Niliiona mchana kweupe, jua limewaka, watoto wa jirani wakicheza mpira nje.

Aliyenipeleka huko tulimwita Kalamu. Jina hilo alipewa na mkuu wetu wa ofisi wiki ya pili tu tangu aje kwetu, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo. Binti mwembamba, viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, begani mkoba wenye kijitabu cha maadili ya kazi. Alikuwa hagusi jalada bila kuomba. "Mama, naomba niangalie hili." Wengine huja wakanivurugia rafu zangu kama kuku waliotawanya mtama, lakini huyu alikuwa akirudisha jalada mahali pake na kulinyoosha kwa kiganja. Nikampenda. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni la shule, na nyumba nzima ilikuwa inamsubiri yeye amalize masomo. Na aliandika, jamani! Ripoti yake ungeisoma ukamwona mtu anakohoa.

Alipewa majalada sita ya wazee wanaoishi nyumbani chini ya uangalizi wa ofisi. Kanuni ni kwamba kila mzee atembelewe mara moja kwa mwezi, ripoti iandikwe, nakala moja ibaki kwangu na nyingine itumwe kwa mzee mwenyewe. Wazee watano Kalamu aliwafuata kwa miguu, viatu vile vile vinavyong'aa vikarudi na vumbi. Wa sita alikuwa anaishi mwisho kabisa wa mji, mahali pasipofikika bila gari, na gari la ofisi lilikuwa limepumzishwa juu ya mawe uani. Kuku wa mlinzi alikuwa ameanza kuatamia kwenye kiti cha dereva.

"Mama, huyu bibi hakuna aliyekwenda kumwona," aliniambia siku moja, jalada mkononi. "Na wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi."

"Basi andika ziara ya mezani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unakaa hapo mezani, unamtembelea."

Akacheka. Aliponiona mimi sicheki, akaacha.

"Na kama anaumwa?"

"Angeumwa mpwa wake angekuja kutupigia kelele. Kimya ndiyo afya yenyewe."

Kesho yake akaniletea karatasi imeandikwa mstari mmoja: mteja anaendelea vizuri. Nikamrudishia. Nikamwambia hii inanuka uongo toka mlangoni, mkaguzi ataisikia kabla hajaisoma. Weka kitu, mwanangu. Weka kikombe, weka dirisha, mtu aone kwamba ulikuwepo. Hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Akaweka. Aliandika kwamba amefika saa nne asubuhi, amemkuta bibi ameketi dirishani, amejitanda shali ya bluu. Kikombe chake kisicho na mkono kilikuwa kwenye ukingo wa dirisha. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, ikionyesha saa nne na dakika kumi. Wamezungumza kuhusu ujana wake, naye amekuwa mchangamfu na amecheka sana. Nikaisoma, nikatikisa kichwa kwa jinsi ilivyokuwa tamu, nikagonga muhuri wa masjala. Miezi mitano, ripoti tano. Gari halikutengenezwa. Wakaguzi walikuja, wakasoma, wakaisifu ofisi. Na kila mwezi nakala ilikwenda posta, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Mafunzo yakaisha. Akarudi chuoni, akafanya mitihani, akapata leseni, na bahati ikaangukia kwetu kwamba aliajiriwa ofisi ile ile. Siku anaripoti, mama yake alikuja naye hadi getini, amevaa vizuri kama anakwenda kuoza mtoto. Mwanafunzi husaini "kwa niaba ya." Afisa ana muhuri wake, una namba yake, na akiugonga hakuna wa kujificha nyuma yake. Nilimkabidhi mimi mwenyewe ule muhuri, na alinisainia kwenye daftari kwa furaha. Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Kosa moja tu, leseni inarudishwa.

Wiki hiyo hiyo likaja ombi la mpwa wa yule bibi. Aliomba afisa athibitishe kwamba shangazi yake hawezi tena kujisimamia, akili zimemtoka, ili ahamishiwe makao ya wazee katika mji mwingine na nyumba ibaki chini ya mpwa. Kazi ya tathmini akapangiwa Kalamu. Aliisoma ile fomu akiwa amesimama mbele ya dirisha langu, na nikaona uso umempauka.

"Mama. Ni yule bibi."

"Yupi?"

"Wa mezani."

Fomu ile ina maswali kumi na mbili. La tisa huuliza kama mzee anakumbuka matukio ya mwaka uliopita yanayothibitishwa na kumbukumbu za ofisi. Na kumbukumbu zetu kuhusu bibi huyo zilikuwa zipi? Zile ripoti tano, basi. Hakuna kingine. Na mpwa alikuwa ameandika chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyekwishachoka: hata afisa wenu aliyekuja mara tano hamkumbuki.

Kanuni nyingine inasema afisa haingii nyumba ya watu kwa tathmini peke yake. Watu tulikuwa haba, nikavaa viatu vyangu nikamsindikiza. Gari lilikuwa limepona kwa wiki hiyo.

Nyumba ilikuwa nadhifu, ya vyumba vitatu, baraza mbele. Mpwa, mwanamke wa miaka kama hamsini, alikuwa barazani kwenye cherehani yake, tepu shingoni. Alisimama akamtazama Kalamu juu hadi chini.

"Kumbe ndiye wewe. Ulikuwa unakuja kila nikitoka kupeleka nguo za wateja, tunapishana tu. Narudi, namuuliza shangazi, afisa alikuja? Ananiambia hakuja mtu. Barua ikifika ina muhuri, inasema ulikuja. Hapo ndipo nilipojua tumempoteza."

Alisema bila ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alisema kama mtu anayeelezea jinsi paa lilivyoanza kuvuja.

Tukapita ukumbini. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya sabuni ya kufulia. Mpwa akatufungulia mlango wa chumba cha mwisho, na Kalamu, aliyekuwa mbele yangu, akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Nikachungulia juu ya bega lake.

Bibi alikuwa ameketi dirishani, amejitanda shali ya bluu. Kikombe kisicho na mkono kilikuwa kwenye ukingo wa dirisha. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, saa nne na dakika kumi.

Nywele zilinisimama. Msinicheke. Mimi nilikuwa najua kwamba dirisha lile lilitungwa kwenye meza yenye mguu mbovu, karibu na kabati langu, na binti aliyekuwa anatafuna ncha ya kalamu. Na sasa lilikuwa hapo, lina vumbi kwenye kioo. Kalamu alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Nikaomba Mungu tutoke.

"Shikamoo, bibi," alisema, sauti haikufika mbali.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu tena," bibi alijibu. "Leo umekuja na mtu."

Tena! Mpwa alileta viti viwili kisha akabaki mlangoni, ameegemea.

Kalamu akaanza maswali, kwa sababu maswali yalikuwa yameandikwa na yeye alihitaji kitu cha kushika. Jina, umri, mwezi gani huu, siku gani. Bibi alijibu yote bila kusita. Alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya posta enzi za ubao na waya za kuchomeka, miaka thelathini. Akatutajia namba. Ya hospitali, ya stesheni, ya duka la dawa, ya nyumbani kwa meneja, akizipanga kama mtu anayehesabu shanga. Amekula chumvi nyingi, lakini kichwa kile kilikuwa kikavu na safi kama ghala lililofagiliwa. Nikaanza kupumua.

Likafika swali la tisa.

"Bibi, unakumbuka afisa kuja kukutembelea?"

Bibi akanyoosha mgongo. Akaweka mikono magotini, kama mtoto anayesimamishwa mbele ya darasa, akaanza. "Ziara ya kwanza. Afisa alifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeketi dirishani, nimejitanda shali ya bluu. Ziara ya pili. Nilikuwa na kikohozi kidogo lakini hali ilikuwa ya kuridhisha. Ziara ya tatu. Nilionekana mchangamfu. Nilicheka sana."

Akaendelea hadi ya tano, maneno yale yale. Niliyajua, niliyagongea muhuri. Alikuwa anajisema kama anavyosemwa mtu kwenye jalada, na macho hayakubanduka usoni kwa Kalamu, akitafuta kama amekosea.

"Ameyakariri," mpwa alisema kutoka mlangoni. "Ananiomba nimsomee kila siku. Hakumbuki chochote huyo. Muulize ulivaa nguo gani."

Kalamu hakumuuliza. Lakini bibi alikuwa amelisikia swali.

"Nyeupe," alisema polepole. Akamtazama Kalamu usoni, hakuona kitu. "Au ilikuwa ya kijani? Ngoja, usiandike. Nipe kidogo, mjukuu wangu, nitaipata."

Na mikono yake, ambayo kwenye namba za simu ilikuwa imetulia, ikaanza kusukasuka kwenye shali. Hapo mpwa aliitwa na mteja barazani, akatoka.

Kalamu alikuwa anatazama ukutani. "Bibi, saa hii ilisimama lini?"

Bibi alichungulia mlangoni kwanza. Akainama karibu yetu, akanong'ona.

"Niliisimamisha mimi. Karatasi ilisema imesimama, na mimi nilikuwa naisikia inatembea. Usiku naisikia, mchana naisikia. Nikaona kama nasikia kitu ambacho serikali imeandika hakipo, basi mimi ndiye mwenye kasoro. Nikapanda kiti nikatoa betri. Nikaiweka mshale saa nne na kumi." Akatabasamu kwa aibu. "Sasa siisikii. Ni afadhali."

"Na kikombe?"

"Kilikuwa na mkono. Niliugonga na jiwe. Shali nilikuwa sina, mpwa kanishonea. Kiti kilikuwa kule kitandani, nikakileta hapa. Nilidhani nikikaa kama nilivyokaa, nitakumbuka. Mama, mbona unalia?"

Aliyekuwa analia ni mimi. Kalamu alikuwa amekauka kama kuni.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyo. Bado machozi yako mashavuni, akili yangu ya masjala ikaanza kutafuta njia. Nikamvuta Kalamu, nikamnong'oneza sikioni. "Andika anakumbuka. Ameyasema yote matano, neno kwa neno. Andika anakumbuka, tugonge muhuri twende. Bibi anabaki nyumbani kwake, na wewe unabaki na leseni yako." Na wala sikuwa nakosea sana. Ni kweli mpwa angeweza kukata rufaa, afisa mwingine angekuja na angemuuliza juu ya nguo, na bibi angeanguka. Lakini hilo lingekuwa la siku nyingine. Nimeishi ofisini miaka yote kwa kusukuma mambo hadi siku nyingine.

Kalamu alinitazama. Halafu akatazama ile fomu, na niliona kwamba alikuwa anaipima kweli, msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na mama bwenini aliyekwishawaambia wapishi wenzake wote. Alifungua kalamu. Akaiweka juu ya swali la tisa, ikakaa hapo muda mrefu. Bibi aliingojea ile kalamu ishuke, midomo ikisema kitu kimoja tena na tena bila sauti. Nadhani ilikuwa rangi.

Kalamu akaweka fomu chini sakafuni. Akatoka kwenye kiti, akapiga magoti.

"Bibi, sikuja."

Bibi akatabasamu, kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Sijawahi kuja. Hata mara moja. Niliandika nikiwa ofisini, mezani. Dirisha nililitunga. Shali niliitunga. Saa sikuwahi kuiona. Ulipokuwa unaisikia inatembea, ilikuwa inatembea."

Pale ndipo ningesema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nilinyamaza. Ninaliandika hapa kwa sababu pale nilinyamaza.

"Ya tatu je?" bibi aliuliza.

"Sikuja."

"Nilicheka?"

"Sikijui kicheko chako, bibi."

Nilitegemea afurahi. Mtu ameambiwa akili zake ziko salama, si atashukuru, au atatutukana? Hakufanya lolote. Aliinua mkono akajigusa paji la uso, taratibu, halafu sikio, kama anahakikisha vimebaki mahali pake. Akasema, "Sema tena." Kalamu akasema tena. "Tena." Akasema. Mara nne au tano, hadi nikatamani kuziba masikio yangu, kwa sababu kila aliporudia, uso wa bibi ulikuwa unabadilika kidogo, na kilichokuwa kinaingia pale hakikuwa raha.

Yaliyompata Kalamu nitayasema upesi. Katika swali la tisa aliandika, pale pale sakafuni, kwamba mteja anakumbuka kwa usahihi na kwamba kumbukumbu za ofisi ndizo za uongo, na kwamba mwandishi wa uongo huo ni yeye. Akagonga muhuri wake mpya, mara yake ya kwanza kuugonga. Leseni ilisimamishwa mwaka mzima. Mama yake hakumsemesha hadi mvua zilipoanza. Bwana mkuu alisema hakuwahi kuagiza jambo kama hilo, na kwa kweli hakuwahi kulisema kwa maneno. Mimi sikuulizwa na mtu, maana nani huuliza masjala? Sasa amerudi kazini, wilaya nyingine, na nasikia ripoti zake siku hizi ni fupi na kavu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile tulikuwa bado chumbani, wino wa muhuri haujakauka, mpwa akarudi mlangoni akitaka kujua kama tumemaliza. Kalamu alimweleza, kwa sauti ile ile, bila kupunguza. Bibi alikuwa bado anamtazama Kalamu. Kisha akageuza shingo, polepole sana, akamtazama mpwa wake, na lile jicho lilikuwa la mwendesha simu anayejua waya gani umechomekwa wapi.

"Na daktari?"

"Daktari gani, shangazi?"

"Uliniambia mwezi uliopita alikuja daktari. Akanipima. Nikamwambia mwenyewe kwamba nataka kuhama nyumba hii, nikatia saini, nikasahau. Ukasema nimesahau." Alikuwa anazungumza kwa upole kabisa. "Alikuja?"

Mpwa alitutazama mimi na Kalamu, mmoja baada ya mwingine, kama anayeomba tumkumbushe neno. Halafu akageuka akaenda zake barazani. Tukasikia kiti kinaburutwa, na cherehani ikaanza kulia, haraka haraka. Kutoka nilipokaa niliweza kuiona kupitia mlango uliobaki wazi. Alikuwa anakanyaga na sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Bibi aliivuta ile fomu kutoka sakafuni, akaipangusa vumbi, akamrudishia Kalamu.

"Andika hilo nalo," alisema. "Andika kwamba nimeuliza."

Kalamu akavuta kiti, akaandika.